Mti Unaovumilia Mkasi: Historia ya Miyuu katika Bustani za Uingereza

Historia ya bustani kubwa za Uingereza kwa kawaida huandikwa kwa majina ya wenye majumba na wasanifu wao, lakini historia ya uzio wa miyuu imesimama juu ya jambo jingine, nalo ni sifa moja ya mti wenyewe pamoja na kazi ya watu walioitumia sifa hiyo kizazi hadi kizazi. Myuu, ambao wataalamu wa mimea huuita Taxus baccata, ni wa kundi moja na misonobari na misaipresi, haupukutishi majani hata wakati wa baridi kali, na huota kiasili Ulaya, magharibi mwa Asia na katika milima ya Atlas huko Afrika ya Kaskazini. Majani yake ni membamba, bapa na ya kijani kilichokolea, yakikaribiana kwa sura na yale ya mti wa podo wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania, na mti jike huzaa mbegu iliyokaa ndani ya kikombe laini chekundu. Jamaa zake wengi wakikatwa hadi sehemu ya tawi isiyo na majani, tawi hilo halichipui tena. Myuu, kinyume chake, hata ukikatwa hadi kwenye shina tupu la miaka mingi hutoa machipukizi mapya, na tofauti hiyo ndiyo iliyoupa nafasi yake bustanini.

Katika zama za kati mti huu ulithaminiwa zaidi kwa mbao zake, ambazo ziliwapa wapiga mishale wa Kiingereza pinde ndefu, kiasi kwamba sheria ya mwaka 1472 iliwalazimu wafanyabiashara walioingiza shehena kwa meli kuleta pia magongo ya kutengenezea pinde. Bunduki zilipochukua nafasi ya pinde, myuu ulibaki zaidi katika viwanja vya makanisa na misituni, hadi karne ya 17 ilipoupatia kazi mpya. Wakati huo bustani za kitajiri zilipambwa kwa misaipresi, mti wa nchi za joto usioweza kustahimili kila baridi ya Uingereza. John Evelyn, aliyechapisha kitabu chake cha miti kiitwacho Sylva mwaka 1664, alidai kwamba ni yeye aliyeanzisha desturi ya kuupanda myuu kama uzio badala ya msaipresi. Dai la kuwa wa kwanza linaweza kubishaniwa, lakini hoja yake ilikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa myuu ni mti wa nchi ile ile, unaifahamu baridi yake, na ukinyolewa hujaza matawi hadi jicho lisiweze kupenya.

Mfano ulio bora wa matokeo ya hoja hiyo uko Levens Hall, karibu na mji wa Kendal kaskazini mwa Uingereza. Jumba hilo lilimilikiwa na Kanali James Grahme, mtumishi wa karibu wa Mfalme James II, ambaye baada ya mfalme huyo kupinduliwa mwaka 1688 alijikuta mbali na siasa za London. Mwaka 1694 Grahme alimpa kazi Guillaume Beaumont, Mfaransa aliyekuwa amewahi kuhudumia bustani za mfalme, naye akaipanga bustani ambayo mpango wake unaonekana hadi leo. Miyuu na miti mingine midogo ilipandwa ili ipogolewe iwe maumbo ya koni, duara, miavuli na ndege, sanaa iliyokuwa imeenea Ufaransa na Uholanzi.

Sanaa hiyo haikupendwa kwa muda mrefu. Joseph Addison aliandika mwaka 1712 kwamba afadhali kuuona mti na matawi yake yote kuliko kuuona umekatwa kwa umbo la hesabu, na mwaka uliofuata Alexander Pope akaikejeli kwa orodha ya kubuni ya sanamu za miti zinazouzwa. Kizazi kilichofuata kilishuhudia Lancelot Brown, aliyebatizwa mwaka 1716, akitandaza nyasi na maziwa ya kuchimbwa mahali pengi palipokuwa na bustani za mistari iliyonyooka. Levens ilisalimika si kwa sababu wamiliki wake walikuwa na msimamo wa pekee juu ya uzuri, bali kwa sehemu kubwa kwa sababu mali hiyo ilirithiwa kupitia wanawake ambao mara nyingi waliishi katika majumba mengine, hivyo hapakuwa na mtu wa kuigharimia bustani mpya. Katika historia ya urithi, kusahauliwa na wenye fedha kumeokoa mengi. Hata hivyo, kusahauliwa peke yake kungeifanya miyuu kuwa msitu. Tangu takribani mwaka 1810 Alexander Forbes, mkuu wa bustani kwa nusu karne, aliifufua, akaziba mapengo na kupanda mingine mipya, ikiwemo ya majani ya rangi ya dhahabu. Jina lake linastahili kutajwa pamoja na la Beaumont kila bustani hiyo inapozungumzwa.

Kazi ya watu hao huonekana vizuri zaidi inapoangaliwa kwa karibu. Mche wa mbegu huchelewa, kwa kuwa mbegu hulala ardhini hadi majira ya kuchipua ya mwaka wa pili, ndiyo maana vitalu hupendelea kuotesha vipandikizi, yaani vijitawi vilivyokatwa na kuchomekwa mchangani vitoe mizizi. Kwa njia hiyo myuu wa Ireland, aina inayosimama wima kama nguzo, umetoka wote kwa mti mmoja uliogunduliwa katika karne ya 18 na kupandwa katika jumba la Florence Court huko Ireland. Miche ya uzio hupandwa ikiachana kwa takribani nusu mita, katika ardhi ya aina yoyote isiyotuamisha maji, kwa maana maji yakikaa, ukungu wa Phytophthora huozesha mizizi na majani hugeuka rangi ya kutu. Uzio hupogolewa mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi au mwanzoni mwa vuli, na kila mara sehemu ya chini huachwa pana kidogo kuliko ya juu, ili jua lifike chini na matawi ya huko yasife. Uzio ulionenepa mno hurejeshwa kwa kukata upande mmoja hadi karibu na shina, kuusubiri uchipue kwa mwaka mmoja au miwili, kisha kukata upande wa pili. Masalia ya kupogoa ni sumu kwa ng'ombe na farasi, kwa sababu yana taxine, kemikali inayovuruga mapigo ya moyo, na mbegu za mti huo zina sumu hiyo hiyo kwa binadamu. Kwa hiyo masalia hayo hukusanywa na hayatupwi malishoni.

Masalia hayo hayo yalipata thamani isiyotarajiwa katika karne ya 20. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani, Mansukh Wani na Monroe Wall, walitangaza muundo wa paclitaxel, dawa ya saratani waliyoitoa katika gome la myuu wa Pasifiki, lakini mti unaobanduliwa gome hufa, na misitu isingeweza kuwahudumia wagonjwa wote. Nchini Ufaransa timu ya Pierre Potier ilionyesha kwamba majani ya myuu wa Ulaya yana kemikali inayoweza kugeuzwa kuwa dawa ya aina hiyo, na majani huchipua tena baada ya kukatwa. Hapo viwanda vya dawa vilianza kununua mapogoleo ya nyua za bustani za Uingereza, yale ambayo kabla ya hapo yalikuwa taka tu. Paclitaxel hutumiwa leo pia katika hospitali za Afrika Mashariki, kutibu saratani ya matiti na ile ya Kaposi.