Skuna za Gloucester, machweo ya 1880

Majira ya joto ya mwaka 1880, mchoraji Mmarekani Winslow Homer alihamia Ten Pound, kisiwa kidogo kilicho ndani ya bandari ya Gloucester, jimbo la Massachusetts, akapanga kwa mtunza mnara wa taa. Huko alichora picha za rangi za maji zipatazo 100. Zinazonishika zaidi ni za machweo, hasa ile iitwayo "Sunset Fires": skuna, chombo cha matanga, imesimama nyeusi, mbingu nyuma yake inawaka, na wekundu uleule umetapakaa majini.

Rangi za maji hazimngoji mtu. Homer aliilowesha karatasi akaiacha rangi itembee, kisha akaweka weusi wa chombo juu yake. Mama yake, Henrietta Benson Homer, naye alikuwa mchoraji wa rangi hizo. Mwanawe alipozishika kwa dhati mwaka 1873, palepale Gloucester, alichora zaidi watoto wakicheza gatini na kwenye mashua, mchana kweupe. Machweo ya 1880 ni ulimwengu mwingine.

Asiyeujua mji ule ataona utulivu tu. Gloucester ilianzishwa na Waingereza mwaka 1623 kwa sababu ya samaki, na samaki ndio waliouweka hai. Jirani yake, Salem, ilipeleka merikebu hadi Unguja zikiwa zimesheheni vitambaa vya merikani. Gloucester ilisafirisha ng'onda. Ng'onda wa daraja la chini walipelekwa Karibi na Surinam, wakawa chakula cha watumwa kwenye mashamba ya miwa, na sehemu hiyo ya utajiri wake isisahaulike.

Samaki wenyewe walifuatwa mbali, kwenye kina kifupi cha Georges Bank, na wakati wa kuwafuata ulikuwa hata kipupwe, baridi ikiwa kali kupita kiasi. Skuna zilitia nanga karibukaribu, kila moja ikitaka kuwa juu ya kundi la samaki, na wavuvi wakajipanga ubavuni mwa chombo wakivua kwa mishipi. Dhoruba ikivuma usiku, hatari kubwa ilikuwa chombo cha jirani. Skuna iliyong'oka nanga ilisukumwa na upepo gizani hadi ikaigonga nyingine, na mara nyingi zote mbili zilizama. Kwa hiyo mtu mmoja alisimama omo na shoka mkononi, tayari kuikata amari pindi chombo kingine kitakapowajia. Akikata mapema, wamepoteza nanga na wamebaki kupeperushwa, akichelewa, wamekwisha. Mwaka 1879 peke yake Gloucester ilipoteza wavuvi zaidi ya 200, wengi wao katika dhoruba moja ya Februari.

Homer alifika mwaka uliofuata. Sitaki kumsemea alichokuwa nacho moyoni, lakini alilala katikati ya bandari ile, na vyombo alivyovichora ni vya mji uliokuwa bado na wajane wapya. Katika mji wa namna hiyo, skuna iliyotia nanga jioni ni habari kubwa: imerudi. Ndiyo maana siwezi kuuita wekundu ule pambo. Ni mzito mno, umemeza karibu karatasi nzima, na chombo kilichomo hakina dalili ya kwenda popote.

Mwaka 1881 alivuka bahari akaenda Cullercoats, kijiji cha wavuvi kaskazini-mashariki mwa Uingereza, akakaa hadi 1882. Huko brashi yake iliwageukia wanawake: wake na mabinti wa wavuvi wamebeba vikapu, wanatengeneza nyavu, au wamesimama ufukweni wakiikazia macho bahari iliyochafuka. Naamini safari ya kuwafikia wanawake wale ilianzia kisiwani Ten Pound, mbele ya skuna zilizorudi.