Janga la Korona Thika na Ruiru

Janga la Korona Thika na Ruiru ni kipindi cha kuanzia Machi 2020 ambapo COVID-19, na zaidi amri za kuizuia, ilivuruga usafiri, masomo na biashara katika miji hii miwili ya Kaunti ya Kiambu. Kisa cha kwanza nchini Kenya kilitangazwa Machi 13. Siku mbili baadaye shule ziliamriwa kufungwa. Kafyu ilianza Machi 27. Aprili 6 eneo la jiji la Nairobi na viunga vyake lilifungwa, mpaka wa kaskazini ukiwa daraja la mto Chania, Thika. Ruiru ilibaki ndani kabisa ya eneo hilo. Thika ilitenganishwa na Kaunti ya Murang'a, ng'ambo tu ya daraja, hadi Julai 7. Matatu ya abiria 14 ilibeba 8, nauli ikapanda. VAT ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, nafuu ndogo kwa kibarua aliyepoteza kazi. Hospitali ya Tigoni, Limuru, ilitengewa wagonjwa wa korona. Darasa la nane, gredi ya nne na kidato cha nne walirejea shuleni Oktoba 12, wengine Januari 4, 2021. Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021.