Visiki Vilivyotushinda

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi wadogo zetu mlioko madarasani,

Kamati ya umoja wetu imekubali kwamba pori lililo nyuma ya mabweni, kuanzia ufukweni hadi kwenye miamba ya juu, lifyekwe lote kabla ya mvua za Oktoba, ili pajengwe bweni jipya na palimwe shamba la shule. Mimi sipingi bweni wala shamba. Lakini pori hilo hilo nililifyeka mwaka 1994 nikiwa Kidato cha Kwanza, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa fyekeo lenye mpini uliolegea. Tulipomaliza Kidato cha Nne lilikuwa limekwisha rudi, tena limesongamana kuliko mwanzo. Tukawalaumu wadogo zetu kwa uvivu. Chuo Kikuu, niliposoma historia, ndipo nilipogundua kwamba lililotushinda sisi liliwahi kuishinda serikali nzima, hapa hapa katika nchi ya Ziwa.

Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa wa malale uliua watu wanaokadiriwa kuzidi laki mbili upande wa Uganda, hasa Busoga na visiwani. Wajerumani waliotawala huku kwetu wakaingiwa na hofu. Mwaka 1906 daktari wao mashuhuri, Robert Koch, alifika Mwanza kabla ya kuvuka kwenda visiwa vya Sese kuchunguza ugonjwa huo. Ilikwisha julikana kwamba mbung'o wa ziwani anategemea kivuli cha vichaka vinavyoinamia maji, na jua kali humshinda. Basi amri ikatoka: vichaka vikatwe mahali watu wanapoteka maji na penye magati ya mitumbwi. Walikata. Vikaota. Wakarudia.

Mwaka 1922 malale ya namna nyingine yakazuka Maswa. Haya yaliletwa na mbung'o wa nchi kavu, anayekaa kwenye migunga na vichaka vya miiba akinyonya damu ya wanyamapori. Hapa naomba niseme jambo ambalo vitabu vya zamani vililipita haraka. Pori lile halikuwa la tangu na tangu. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe karibu wote, njaa na maradhi vikafuata, watu wakahama, na mashamba yaliyoachwa yakamezwa na vichaka. Helge Kjekshus alilieleza hilo vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1977. Kwa hiyo waliokwenda kufyeka walikuwa wakidai ardhi iliyokuwa ya babu zao.

Aliyesimamia vita hivyo alikuwa C.F.M. Swynnerton, aliyeanza kama mkuu wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, kisha akaongoza utafiti wa mbung'o huko Shinyanga hadi alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Baada ya mavuno watemi waliwatoa watu kwa maelfu, mashoka mabegani. Wasukuma walikuwa tayari na desturi ya kulima kwa pamoja katika vikundi vya vijana vilivyoitwa elika, chini ya nsumba ntale, na serikali ikaitumia desturi hiyo. Wapo wanaopenda kuliita jambo hilo kujitolea. Mtu aliyeitwa na mtemi wake hakuwa na nafasi kubwa ya kukataa.

Sasa tazameni kilichotokea. Mgunga ukikatwa haufi. Mizizi iko hai, na mvua ikinyesha kila kisiki hutoa machipukizi mengi mahali palipokuwa na shina moja. Misimu michache ikipita, palipofyekwa panakuwa kichaka kinene, na mbung'o anarudi kwake. Ndilo lililotupata nyuma ya bweni. Jibu walilolipata ni kwamba kufyeka peke yake si kazi. Watu na mifugo lazima wahamie pale pale, jembe lipite kila mwaka, ng'ombe wale machipukizi. Ndiyo maana mpango wa maendeleo ya Usukuma wa mwaka 1947 hadi 1956, uliokuwa na makao yake Malya, uliweka nguvu nyingi katika kuwahamishia watu Geita kutoka wilaya zilizojaa. (Amri za matuta na za kupunguza ng'ombe zilizoandamana nao ziliwaudhi wananchi mno, na TANU ilinufaika na hasira hiyo.)

Mbung'o walirudi nyuma, nchi ikafunguka, pamba ikapandwa, ng'ombe wakaongezeka. Kisha hatukujua pa kuishia. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa za Shinyanga zilikuwa tupu, wanawake wakitembea mbali kutafuta kuni, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni mkazo ulikuwa kwenye vitalu vya miche. Lililofaa zaidi lilikuwa ngitili, ile desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho kwa ajili ya kiangazi. Eneo likifungwa, visiki vilivyolala ardhini vilichipua vyenyewe. Vile vile vilivyomsumbua Swynnerton! Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi, na mwaka 2002 HASHI ikapewa tuzo ya Umoja wa Mataifa.

Mwezi wa sita nilikwenda kupakagua. Uwanda wa chini unafaa kwa bweni na mahindi, lakini visiki vyake ving'olewe na mizizi yake, na mbegu ipandwe msimu huo huo. Mteremko wa juu, katikati ya miamba, uachwe ulivyo, maana maji ya mvua yatashuka moja kwa moja hadi bwaloni. Ufukweni tusiguse kabisa: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Babu zetu waliamriwa kukata vichaka hivyo, sisi tumeamriwa kuviacha, na kila amri ilikuwa na sababu yake.

Makisio ya kamati yanataja vibarua wa kufyeka kwa siku mbili. Fungu la kung'oa visiki sikuliona. Nimeahidi sululu nne na futi kamba ya kupimia zile mita 60, na Jumamosi ya kwanza ya Septemba nitakuwapo tangu saa moja asubuhi. Wa mwaka wangu, msije na mafyekeo tu.