Waya, Pamba na Betri: Historia ya Chombo cha Nikotini Kinachotengenezwa Nyumbani

Leo tunazungumza kuhusu tumbaku, lakini si ile sigara ya pakiti unayoijua. Tunazungumza kuhusu kifaa kidogo ambacho kijana anaweza kukiunda mwenyewe juu ya meza ya kusomea, kwa waya, pamba na betri. Kinaitwa atomaiza. Ndicho kichwa cha sigara ya kielektroniki, ile ambayo vijana huiita vepu.

Huenda hujawahi kukiona hapa Matinyani. Hata hivyo, vitu vinavyokiunda haviko mbali. Betri za aina hiyo zimo katika taa za sola na kompyuta ndogo. Pamba iko dukani. Gliserini pengine unayo nyumbani, unampaka mtoto wakati wa baridi. Namna ya kuviunganisha inaonyeshwa kwenye simu. Ndiyo maana ni vyema ujue kifaa hiki kilikotoka na hatari yake, kabla hujakikuta mfukoni siku ya kufua nguo.

Tumbaku ilivyofika kwetu

Tumbaku haikuanzia Afrika. Asili yake ni bara la Amerika, na Wazungu waliikuta huko baada ya safari ya Christopher Columbus ya mwaka 1492. Kutoka huko ilisambazwa na mabaharia na wafanyabiashara hadi ikafika pwani yetu, kisha ikapanda bara. Kwa Kikamba tunaijua kwa jina la mbaki.

Kitui ilikuwa kituo kikubwa cha biashara. Katika karne ya 19, misafara ya Wakamba ilipeleka pembe za ndovu Mombasa, ikarudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alifika huku mwaka 1849 akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa wakati huo.

Ule waya wa shaba ndio unaotuhusu leo. Mafundi wa Ukambani waliuvuta ukawa mwembamba kama uzi, wakaufuma kuwa mikufu. Mikufu hiyo ilifungwa kwenye vyombo vya ugoro vilivyochongwa kwa pembe au mti. Mtafiti wa Sweden, Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, aliandika kitabu kirefu kuhusu maisha na kazi za Wakamba. Vyombo vya ugoro vya Ukambani vimehifadhiwa mpaka leo katika majumba ya makumbusho, hata ng'ambo.

Hapo tunajifunza mambo mawili. La kwanza, kutengeneza chombo cha tumbaku kwa mkono si jambo geni kwetu. La pili, chombo cha zamani kilikuwa na mwenyewe. Mbaki ilikuwa ya wazee. Mzee alitembea na chombo chake, hakukiacha kitandani, na mtoto aliyekichezea alikemewa. Ugoro haukuwa salama, maana una nikotini na huleta saratani ya mdomo. Lakini kila mtu nyumbani alijua ni nini, ni cha nani, na kiko wapi.

Nikotini ni nini?

Nikotini ndiyo dawa iliyomo ndani ya tumbaku inayomfanya mtu ashindwe kuiacha. Ilipewa jina hilo kwa sababu ya Jean Nicot, balozi wa Ufaransa nchini Ureno, aliyepeleka tumbaku kwao karibu na mwaka 1560. Mwaka 1828 wataalamu wawili wa Ujerumani walifaulu kuitenga peke yake kutoka kwenye majani.

Nikotini ni sumu. Wakulima wengi wanalijua hili bila kuambiwa na daktari: hulowesha majani ya tumbaku, kisha hunyunyizia maji yake kwenye sukuma wiki ili kuua wadudu. Kinachomuua mdudu kwenye jani la sukuma ndicho hicho hicho kinachotiwa katika vepu.

Sigara ya kiwandani ilipoenea, watu waliacha kujitengenezea vyombo. Madhara yake yalichukua muda kujulikana. Mwaka 1950 watafiti wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walionyesha kwamba wanaovuta sigara ndio wanaopata zaidi saratani ya mapafu. Hapa Kenya, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 12 katika kila 100 walikuwa wakitumia tumbaku ya aina fulani.

Sigara isiyo na moto

Wazo la sigara isiyo na moto ni la zamani kidogo. Mmarekani Herbert Gilbert alipewa hataza ya kifaa cha namna hiyo mwaka 1965, lakini hakuna kiwanda kilichokitengeneza kwa wingi. Kisha, mwaka 2003, mfamasia wa China aitwaye Hon Lik akaunda kile kilichokuja kuenea duniani. Yeye mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, na baba yake, aliyevuta pia, alifariki kwa saratani ya mapafu. Alitaka kupata nikotini bila moshi. Kifaa chake kilianza kuuzwa China mwaka 2004, na miaka michache baadaye kikafika Ulaya na Marekani.

Kinavyofanya kazi si siri. Betri hupasha moto waya mwembamba uliosokotwa, yaani koili. Ndani ya koili kuna utambi, ambao mara nyingi ni pamba. Pamba hiyo hufyonza maji maji yenye nikotini, gliserini, kemikali iitwayo propilini glaikoli, na ladha ya matunda au peremende. Waya ukipata moto, maji hayo hugeuka mvuke, na mtu huuvuta. Fikiria taa ya mafuta: utambi unavuta mafuta kutoka chini. Hapa badala ya kiberiti kuna betri.

Watu walivyoanza kujitengenezea

Vifaa vya kwanza vilikuwa na betri dogo lililokwisha upesi, na koili iliungua baada ya siku chache. Mnunuzi alilazimika kununua kichwa kipya kila mara. Basi kuanzia mwaka 2008 hivi, watumiaji wa Uingereza na Marekani wakaanza kujiundia. Walichukua mwili wa tochi, wakatia betri kubwa ndani. Miaka michache baadaye zikaja atomaiza za kufunguliwa: koili ikiungua, mtu anasokota waya mpya, anatia pamba mpya, anaendelea. Waya wenyewe ni wa jamii moja na ule unaowaka ndani ya jiko la umeme.

Ni rahisi kuona kwa nini jambo hili linawavutia vijana. Linapunguza gharama, na linampa mtu fahari ya ufundi. Kijana anayejua kutengeneza redio ya nyumbani ataona hii ni kazi ndogo. Mama, usimdharau kwa akili hiyo. Kosa haliko katika ufundi wake. Hatari iko katika kile anachokiunda, na ina sura nne.

Hatari ya kwanza: sumu kwa mtoto mdogo

Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Anayejitengenezea atomaiza huweka akiba ya maji ya nikotini, na wengine huyachanganya wenyewe. Yananukia maembe, stroberi au peremende. Mwezi wa Desemba mwaka 2014, mtoto wa umri wa mwaka mmoja katika jimbo la New York, Marekani, alifariki baada ya kunywa maji hayo. Mwezi wa Januari mwaka 2016 nchi hiyo ikapitisha sheria kwamba chupa zake lazima ziwe na kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua. Madaktari wanaonya kwamba kijiko kimoja cha chai cha nikotini kali kinaweza kumuua mtoto mdogo.

Lakini maji yaliyochanganywa nyumbani hayana kifuniko hicho. Hutiwa katika chupa yoyote iliyopatikana. Sisi tunalijua tatizo hili kwa njia nyingine: ni watoto wangapi wamekunywa mafuta ya taa kwa sababu yaliwekwa katika chupa ya soda?

Hatari ya pili: betri kulipuka

Betri za aina hii zina nguvu nyingi. Koili ikisokotwa vibaya au waya ukigusana, umeme hupita kwa wingi kupita kiasi, na betri inaweza kuwaka au kulipuka. Betri la zamani lililotolewa kwenye taa au kompyuta mbovu ni baya zaidi, maana ngozi yake huenda imechanika. Huko Marekani watu wamefariki kwa milipuko hiyo, mmoja Florida mwaka 2018 na mwingine Texas mwaka 2019. Hata betri lililowekwa mfukoni pamoja na funguo au sarafu linaweza kuwaka na kumchoma mtu paja.

Hatari ya tatu: madini katika mvuke

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walipima vifaa vya watumiaji 56. Katika mvuke walikuta madini kama risasi, nikeli na kromiamu, kwa kiasi kikubwa kuliko yaliyokuwamo katika maji kabla hayajaguswa na koili. Maana yake, yalitoka kwenye kifaa chenyewe. Na fundi wa nyumbani akiunganisha kwa lehemu ya kawaida, nyingi huwa na risasi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, aliye tumboni na aliyezaliwa. Tena pamba ikikauka huku waya unawaka, mvuke hubeba kemikali kali zinazochoma mapafu.

Hatari ya nne: maji yasiyojulikana yalikotoka

Mwaka 2019 vijana wengi Marekani walianza kulazwa wakiwa hawawezi kupumua. Kufikia Februari 2020, watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufariki, na kati yao 68 walikufa. Wengi walikuwa wamevuta maji yenye dawa ya bangi yaliyonunuliwa mitaani. Chanzo kikuu kilichopatikana ni mafuta ya vitamini E yaliyotiwa ndani ili kuyafanya mazito. Vitamini hiyo ni nzuri kwenye chakula, lakini haikukusudiwa kuingia mapafuni. Vivyo hivyo, gliserini yako ya kupaka ni ya ngozi.

Sheria yetu

Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ilipitishwa mwaka 2007, ikaanza kutumika mwaka 2008. Inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Wakati huo vepu zilikuwa hazijulikani hapa. Mwaka 2015 zilitajwa katika sheria ya ushuru, na mwaka 2024 mswada ukapelekwa katika Seneti ili zidhibitiwe pamoja na vifuko vya nikotini. Lakini kitu kinachoundwa chumbani hakipiti dukani wala kwa mkaguzi. Mlinzi aliye karibu ni wewe.

Utasikia watu wakisema kwamba vepu ina madhara machache kuliko sigara. Kwa mtu mzima ambaye tayari anavuta sigara na anataka kuacha, wataalamu wa Uingereza wamesema hivyo. Maneno hayo hayamhusu mtoto wa shule ambaye hajawahi kuvuta chochote. Yeye anaanzishwa nikotini upya, wakati ubongo wake bado unakua.

Ufanye nini?

Ukikuta waya uliosokotwa, pamba iliyolowa yenye harufu tamu, au betri lisilo la kifaa unachokijua, usianze kwa fimbo. Muulize mwanao kwa utulivu ni nini na maji yake yako wapi. Kijana akiogopa, ataficha chupa mahali ambapo mdogo wake ataipata.

Mtoto akinywa maji hayo, dalili ni kutapika, mate mengi, jasho, kubadilika rangi, mapigo ya moyo ya haraka, halafu degedege na kupumua kwa shida. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Yakimwagika kwenye ngozi, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi na sabuni, maana nikotini hupenya ngozi. Mpeleke hospitali mara moja, na uende na ile chupa ili daktari aione. Usingoje dalili zitokee.

Kijana akitaka kuacha, anaweza kupiga simu ya bure ya NACADA, nambari 1192, apate ushauri.

Mambo ya kukumbuka

1. Chombo kimebadilika mara nyingi, kutoka pembe ya ugoro hadi koili ya betri, lakini nikotini ni ile ile.
2. Maji ya nikotini ni sumu. Yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya dawa ya mtoto.
3. Betri mbovu za sola zisiwe vitu vya kuchezea. Zikusanye, uzitoe nyumbani.
4. Mama mjamzito na anayenyonyesha akae mbali na tumbaku ya kila aina, ugoro pia.
5. Zungumza na kijana mapema, kabla simu haijamfundisha.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Hapa kwetu ni nani anayetumia ugoro, na huuweka wapi? Je, watoto wetu wanapata wapi betri kuukuu? Kama mtoto angekunywa sumu usiku huu, ni nani jirani mwenye pikipiki au gari la kumfikisha hospitali?

Zungumzeni hayo kabla hamjaachana. Hadi mazungumzo yajayo, kaeni salama na watoto wenu.