Injini ya mjomba na injini ya Königsberg

Wadau, nimerudi kutoka Kibiti. Mjomba ana pikapu ya zamani, foo wili, injini imechoka. Anataka kufunga nyingine, used, itoke Dar. Tumekaa na fundi tukapiga hesabu: itaingiliana na giaboksi iliyopo? Vishikizi vitachomelewa upya? Na namba ya injini kwenye kadi ibadilishwe. Mjomba akaguna, "Kuipata si kazi. Kazi kuifikisha."

Nikamkumbuka Max Looff. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari yake ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar. Injini yake moja ikavunjika. Akarudi kujificha kwenye delta ya Rufiji, huko Salale, na vipuri vilivyovunjika vikapelekwa Dar kwa nchi kavu vikatengenezwe. Waliosukuma na kuvuta ni Waafrika, ingawa anayetajwa ni nahodha.

Kutengeneza walitengeneza, ila muda uliwatupa mkono. Tarehe 30 Oktoba Waingereza waliigundua, wakaziba midomo ya mto. Meli haikutoka tena. Tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa vibaya, Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Mizinga yake kumi wakaiopoa, wakaifungia magurudumu na kwenda nayo vitani bara.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho.

"Mizinga walichukua. Na injini je?"

"Waliiacha humo humo, mjomba."

Akasikitika kweli, kama vile ya kwake. Fundi anakuja Jumamosi na futi kamba.