Mpangaji na Haki ya Kununua Nyumba ya Halmashauri Uingereza

Nyumba za halmashauri zilianza kujengwa kwa wingi Uingereza baada ya Sheria ya Addison ya 1919. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970, karibu theluthi ya kaya zilikuwa zikiishi humo kwa kodi. Mara nyingi hata rangi ya mlango ilichaguliwa na halmashauri, mtaa mzima ukafanana. Mpangaji aliweza kuuziwa, lakini kwa hiari ya mwenye nyumba tu.

Sheria ya Makazi ya 1980, ya serikali ya Margaret Thatcher, ikaifanya hiari hiyo kuwa haki ya mpangaji. Aliyepanga miaka 3 alipata punguzo la asilimia 33 ya bei ya soko, na kila mwaka wa ziada ulimwongezea asilimia 1 hadi kikomo cha 50. Hivyo nyumba yenye thamani ya pauni 15,000 ilipatikana kwa 7,500 kwa aliyeishi humo miaka 20. Halmashauri ya Norwich ilijikokota kuuza. Mzozo ukafika mahakamani, na mwaka 1982 Mahakama ya Rufani ikampa ushindi Waziri Michael Heseltine, aliyeisukuma iuze.

Bei ilivutia, na kodi nayo ilikuwa ikipanda kwa sababu serikali ilipunguza ruzuku. Lakini aliyenunua alijitwika mengine. Paa likivuja, hakuna tena fundi wa halmashauri wa kumwita. Akiuza kabla ya miaka 5, alirudisha sehemu ya punguzo. Riba nayo haikutabirika: ile ya Benki Kuu ilikaribia asilimia 15 mwishoni mwa 1989, na waliokopa wakaumia.

Kilichoamua zaidi ni aina ya jengo. Nyumba ya matofali yenye bustani ilikuwa ununuzi mzuri, pengine mzuri kuliko wowote ambao familia ya kipato cha chini ingeupata. Mwenyewe mpya alianza kwa kubadilisha mlango, na kwa milango hiyo mpita njia alijua nani amenunua. Nyumba za vipande vya zege, kama zile za Airey, zilikuwa mtego: vyuma ndani ya zege vilikuwa vinaliwa na kutu, na mwaka 1984 ikabidi itungwe sheria ya kuwasaidia walionunua. Fleti hazikuwa na wanunuzi wengi, ndiyo maana punguzo lake lilipandishwa hadi asilimia 70 mwaka 1986. Mnunuzi wa fleti hakupata jengo wala ardhi, bali hati ya kukaa, kwa kawaida ya miaka 125, na lifti au paa likitengenezwa alitumiwa bili ya sehemu yake. Baadhi ya benki zilikataa kabisa kukopesha kwa fleti za maghorofa marefu, kwa hiyo hata kuuza kulikuwa shida.

Uskoti ilifuta haki ya kununua mwaka 2016 na Wales mwaka 2019. England imebaki nayo, ila tangu Novemba 2024 punguzo la juu kabisa ni kati ya pauni 16,000 na 38,000, kulingana na eneo.