Sanamu za Watakatifu: toka Épinal hata Masisi na Walikale

Karatasi ndogo ya Mtakatifu Yosefu mwenye yungiyungi, au ya Mtakatifu Teresa mwenye maua ya waridi, twaijua sote. Wakristu wa Masisi na Walikale huitundika ukutani au huiweka ndani ya kitabu cha sala. Desturi hii ilianza wapi?

Zamani, katika Ufaransa, watu wengi wa vijijini hawakujua kusoma. Mafundi walichonga sura ya mtakatifu juu ya ubao, wakaupaka wino, wakagandamiza karatasi, kisha wakatia rangi kwa kutumia karatasi nyingine yenye matundu. Mjini Épinal, Jean-Charles Pellerin alianzisha kiwanda cha namna hii mwaka 1796. Wachuuzi walibeba sanamu hizo mgongoni, wakaziuza kwa bei ndogo. Kila mtakatifu alikuwa na alama yake: Petro funguo, Laurenti chanja ya moto, Roko mbwa na kidonda cha tauni. Asiyejua herufi alisoma alama. Katika karne ya 19, maduka ya mtaa wa Saint-Sulpice, Paris, yalizieneza mbali sana.

Kwetu Kivu, Injili ililetwa na Mapadri Weupe, shirika lililoundwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1868. Katika misioni, sanamu ilimsaidia katekista kazi yake. Lakini tusiseme kwamba wazee wetu hawakuwa na shule. Wanyanga wa Walikale walishika mashujaa wao kwa sikio: masimulizi ya Mwindo yaliandikwa na Daniel Biebuyck mwaka 1956, yakitoka kinywani mwa Rureke. Sanamu ilituzoeza kushika kwa jicho.

Nalo jicho lilishika hata jambo lisilofundishwa. Watakatifu wa karatasi walikuwa karibu wote na uso wa Kizungu. Mtoto aliweza kudhani kwamba utakatifu ni mali ya Ulaya. Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza Mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu. Mwaka 1985 Anuarite, binti wa Kongo, akawa Mwenye Heri.

Kosa la pili ni zito zaidi: kuifanya sanamu hirizi ya nyumba. Mwaka 1993 mauaji yalianza Ntoto, katika Walikale, yakaenea hata Masisi. Kati ya walioshika panga walikuwamo wabatizwa. Karatasi ya ukutani haikuzuia mkono wa mtu.

Basi turudi kwa alama. Chanja ya Laurenti yatueleza alivyokufa kwa imani yake. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, alikataa rushwa ili chakula kilichooza kisiuzwe kwa watu. Akauawa mwaka 2007, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri. Kama fundi wa Épinal angemchonga, pengine angeweka kando yake gunia la chakula kibovu. Sisi waseminari, tukigawa sanamu kwa wakristu wetu, tusiwape uso tu. Tuwaeleze gunia lile.